Boksi la kompyuta mpya limefika limebonyea na kubandikwa upya: nifanye nini kabla ya kuiwasha?

Swali: Nina duka la steshenari hapa Songea. Nimenunua kompyuta mpya ya mezani kutoka duka moja la Kariakoo, nikalipa yote kwa simu, ikapakiwa kwenye basi. Jana jioni nilikwenda kuchukua mzigo stendi nikakuta kona ya chini ya boksi la sipiyu (kasha kuu la kompyuta) imebonyea, ubavuni kuna tundu la ukubwa wa kidole gumba, na juu kuna selotepu ya kahawia iliyobandikwa juu ya ile ya kiwandani. Boksi la monita ni zima. Kijana wa ofisi ya mizigo alikuwa na haraka, nikasaini nikaondoka. Muuzaji ananiambia, "Iwashe tu, ikiwaka haina shida." Bado sijafungua. Niiwashe? Na nikikuta imeharibika nimdai nani?

Jibu: Usiiwashe bado, dada yangu, na umefanya jambo la maana sana kuliacha boksi jinsi lilivyotoka stendi. Kauli ya "ikiwaka haina shida" imewaponza wanunuzi wengi. Kompyuta iliyopigwa njiani inaweza kuwaka leo, ikafanya kazi wiki tatu, halafu diski ikaanza kugoma siku una foleni ya wanafunzi wanaotaka kuchapa fomu za chuo. Na kompyuta iliyotumika miaka minne kwenye ofisi ya mtu, ikafutwa vumbi na kurudishwa boksini, nayo itawaka vizuri kabisa.

Boksi lako linakupa habari mbili tofauti, na watu huzichanganya. Kona iliyobonyea na tundu la ubavuni vinasema mzigo uligongwa. Selotepu ya pili inasema kuna mtu alilifungua. Kugongwa kunahusu uzima wa kompyuta; kufunguliwa kunahusu kama kilichomo ndicho ulicholipia. Kila moja ina uchunguzi wake, na kwa kiasi kikubwa ina mtu wake wa kuulizwa. Kwa maelezo uliyonipa, selotepu inanitia wasiwasi zaidi kuliko kona.

Nasema hivyo kwa sababu boksi la kiwandani limetengenezwa libonyee. Katoni ile yenye mawimbi ndani, pamoja na povu gumu jeupe linalokumbatia kompyuta pande mbili, kazi yake ni kuvunjika badala ya chuma na saketi. Viwanda vingi hufuata vipimo vya ISTA, taasisi ya kimataifa inayoshughulika na usalama wa mizigo safarini. Katika kipimo chake cha msingi, kinachoitwa 1A, boksi jepesi la kilo chache huangushwa mara 10 kutoka kimo cha sentimita 76: mara moja kwa kona, mara tatu kwa kingo zinazokutana kwenye kona hiyo, na mara sita kwa pande zote. Kisha ukaguzi hufanywa kuona kama kilichomo ni kizima. Kwa hiyo kona moja kubonyea ni jambo ambalo mtengenezaji alilitarajia, na mara nyingi ndani hukuti hata mkwaruzo.

Mtetemo ndio unaodharauliwa. Kutoka Dar hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900. Mzigo umelala kwenye buti la basi, umepita matuta ya Mikumi, umepanda Kitonga, umekata Makambako kuelekea Njombe, saa baada ya saa ukitikisika. Hilo haliachi alama yoyote kwenye katoni, lakini ndilo linalolegeza skrubu na kuchomoa vitu taratibu kutoka kwenye nafasi zake. Ndiyo maana hata boksi lingefika zuri kabisa, bado ningekushauri uangalie ndani kabla ya kuchomeka umeme. Na boksi la monita nalo usilipuuze kwa kuwa ni zima. Kioo cha monita husafirishwa kikiwa kimesimama; kikilazwa na gunia la mchele likawekwa juu yake, kioo hupasuka kwa ndani na boksi likabaki limenyooka.

Sasa fanya hivi leo, kabla hujagusa selotepu.

Litoe boksi mahali penye mwanga wa jua na ulipige picha pande zote sita, chini pia. Kisha sogea karibu: kona, tundu, na hasa ile selotepu, ionekane wazi kwamba ya kahawia iko juu ya ya kiwandani. Piga lebo ya mtengenezaji mpaka namba zisomeke, na stakabadhi ya basi pamoja na namba zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi. Kwenye tundu mulika kwa tochi uone kama limeishia kwenye katoni au limepita hadi kwenye povu. Usiingize kidole wala kijiti. Picha hizo zibaki kwenye simu yako kama zilivyopigwa. Unapozituma WhatsApp kama picha za kawaida, programu huzipunguza ubora na kuondoa taarifa za tarehe zilizofichwa ndani ya faili. Kwa hiyo zitume kama nyaraka, na nakala halisi uzihifadhi.

Halafu lipime. Hatua hii wengi hawaijui, na hapo Songea mizani haikosekani. Nenda kwa jirani anayeuza mahindi au mchele. Kwenye lebo ya kiwandani tafuta herufi G.W., ndiyo uzito wa boksi na vyote vilivyomo. Lebo ikisema kilo 8.6 na mizani ikasema 8.4, endelea na shughuli zako. Mizani ikisema 6.9, kuna kitu hakimo, na umejua hivyo kabla ya mtu yeyote kusema wewe ndiye uliyekitoa. Wakati wa kubeba, liinamishe polepole upande mmoja na usikilize. Usilitikise. Kitu kikiviringika ndani, hicho ni skrubu au kipande kilichovunjika, na kiandike.

Baada ya hapo mwandikie muuzaji. Usimpigie tu. Simu haiachi kumbukumbu, na maneno ya simu hugeuka. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Habari za leo kaka. Mzigo wangu nimeupokea stendi ya Songea jana jioni. Boksi la sipiyu limefika kona ya chini imebonyea, ubavuni lina tundu, na juu lina selotepu ya pili iliyobandikwa juu ya ya kiwandani. Picha nimekutumia. Sijalifungua na sijaiwasha kompyuta. Naomba unijibu hapa kwa maandishi: ulilifungua boksi kabla ya kulituma? Kama ndiyo, kwa sababu gani, na kuna kilichoongezwa au kubadilishwa? Leo saa nane mchana nitalifungua huku nikirekodi video. Kupokea boksi stendi hakumaanishi nimekubali bidhaa. Nitakujulisha baada ya kukagua."

Swali la kufungua boksi liulize kwa upole, maana lina jibu la heri. Maduka mengi ya Kariakoo hufungua boksi kwa nia njema kabisa: kuongeza ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kubadilisha diski ya kawaida ya kuzunguka kuweka SSD, diski isiyo na kinachozunguka, kupakia Windows, au kuhakikisha inawaka kabla haijasafiri mkoani. Muuzaji mwaminifu atakwambia palepale, "Ndiyo dada, tulikuongezea ramu ya GB 8 kama tulivyokubaliana." Muuzaji akisema hakulifungua, umepata taarifa nzito zaidi, kwa sababu ama boksi limefunguliwa njiani au anakuficha kitu. Ndiyo maana nataka jibu lake lipatikane kabla hujaona kilichomo.

Rudi pia ofisi ya mizigo leo hii, na picha pamoja na stakabadhi mkononi. Waombe waandike kwenye daftari lao kwamba umeripoti boksi kuharibika, na waweke muhuri au saini kwenye nakala yako. Wakikataa, andika barua fupi ya mistari mitatu, iache ofisini, na upige picha nakala yako ikiwa juu ya meza yao. Siku nyingine ukikabidhiwa mzigo wa namna hii, saini, lakini juu ya saini yako andika: "Boksi limebonyea na limebandikwa upya, ndani halijakaguliwa." Kijana wa mizigo hawezi kukukatalia kuandika kitu ambacho yeye mwenyewe anakiona kwa macho.

Sasa kufungua. Tafuta mtu wa kushika simu, uwe na mikono miwili huru. Video ianzie kwenye lebo, izunguke boksi lote, halafu ukate selotepu, na isikatike mpaka kompyuta iwe mezani. Ikikatika katikati, mtu atasema kitu kilichokosekana kilitoka hapo. Kata kwa kisu kifupi, usizamishe ncha.

Kabla ya kuinua kompyuta, tazama povu. Kama limepasuka kwenye kona ileile iliyobonyea, pigo lilifika ndani ya katoni na povu likalimeza, na hiyo ni habari njema. Ukiitoa kompyuta, kagua kona ya bati iliyokuwa nyuma ya povu hilo: imekunjwa? Mlango wa pembeni unakaa sawa au umeacha mwanya? Bati lililojikunja maana yake nguvu ilipita kwenye povu, na mazabodi, ile saketi kuu iliyofungwa kwenye bati hilo, nayo inaweza kuwa imepindishwa. Ikiwa hivyo, ishia hapo. Piga picha, irudishe boksini na umwambie muuzaji unaikataa. Vivyo hivyo ukikuta unyevunyevu au alama ya maji, hata kama imeshakauka. Usijaribu kuianika, wala kuifukia kwenye mchele. Mchele hauondoi chumvi na uchafu ambao maji yameuacha kwenye saketi.

Kama bati ni zima, geukia swali la pili: ni mpya kweli? Tazama mambo madogo ambayo mtu anayerudisha kompyuta boksini husahau. Kompyuta mpya huwa na karatasi laini ya plastiki juu ya sehemu zinazong'aa. Waya wa umeme umefungwa kwa kamba ya kiwandani ndani ya mfuko uliozibwa. Waya uliofungwa kwa mpira wa bendi umeshatumika. Shika plagi yenyewe na utazame vile vyuma vitatu bapa. Plagi iliyowahi kuingizwa kwenye soketi ina michubuko mirefu kwenye chuma, hata ukiisugua haiondoki. Fanya hivyo kwenye matundu ya USB, na kwenye skrubu za mlango, ambazo rangi yake huchubuka mara bisibisi inapoingia. Mulika tochi kwenye matundu ya feni. Vumbi la kijivu lililoganda kwenye mapanga ya feni halitoki kiwandani. Kumbuka tu kwamba kama muuzaji alisema aliifungua kuongeza ramu, skrubu zilizochubuka na plagi iliyoguswa mara moja si kosa. Vumbi kwenye feni bado ni kosa.

Kisha linganisha namba ya mfululizo, ile ndefu inayoanza na S/N. Iko kwenye lebo ya boksi na iko kwenye mwili wa kompyuta. Zikitofautiana, kompyuta hiyo haikuzaliwa kwenye boksi hilo. Zikifanana, ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwenye ukurasa wa kuangalia waranti. HP, Dell na Lenovo wote wanao, na Dell wao huiita Service Tag, yenye herufi na tarakimu saba. Utaona jina la modeli na tarehe ya waranti. Waranti iliyoanza miezi michache iliyopita isikutishe, maana wakati mwingine huhesabiwa tangu mzigo ulipotoka kwa msambazaji. Iliyoanza miaka mitatu nyuma inahitaji maelezo. Kama kompyuta yako ni ya kuungwa dukani, haina namba moja ya mtengenezaji. Basi omba orodha ya vifaa vyote kwa majina na ulinganishe kimoja kimoja.

Kabla ya kuchomeka umeme kuna kitu kimoja ambacho sitaki ukiruke. Tazama nyuma, pale waya wa umeme unapoingia. Baadhi ya pawa saplai (kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta), hasa za bei nafuu, zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Swichi hiyo inasukumwa kwa ncha ya kalamu, kwa hiyo pigo au mkono wa mtu unaweza kuihamisha. Ukiichomeka ikiwa kwenye 115, utasikia mlio, utaona moshi, na muuzaji atasema umeiunguza mwenyewe. Iwe kwenye 230. Kama haina swichi hiyo, kwa kawaida inajirekebisha yenyewe na huna la kufanya.

Kisha fungua mlango wa pembeni, isipokuwa kama una stika ya waranti inayopita juu ya skrubu au mwanya wa mlango. Kama ipo, usiikate bila ruhusa ya muuzaji kwa maandishi. Shika kwanza bati tupu la kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Usichomoe kitu, tazama tu kwa tochi. Ramu zimekaa sawa na vishikizo vya mwisho vimejifunga? Lile pande la chuma na feni juu ya prosesa linacheza ukiligusa kwa kidole? Kama kuna kadi ya picha, hiyo ndiyo ya kwanza kuteseka safarini, kwa sababu ni nzito na imening'inia upande mmoja. Angalia kama imeinama au imetoka kidogo kwenye nafasi yake. Waya bapa za diski zimeshika? Na kile kilichokuwa kikiviringika boksini, kama kilikuwepo, lazima kipatikane kabla hujawasha. Skrubu moja iliyolala chini ya mazabodi hupiga shoti na kuua kila kitu kwa sekunde moja.

Hapo sasa washa, ukipitisha kwenye UPS au stebilaiza kama unayo dukani. Sikiliza dakika ya kwanza. Feni inayokwaruza kwa kawaida imeguswa na waya, hilo ni dogo. Mlio wa tak-tak-tak unaojirudia kwenye diski si mdogo, zima mara moja. Harufu ya kuungua, chomoa ukutani, usihangaike na kitufe. Wakati monita inaonyesha kitu cheupe, tafuta doa jeusi lililosambaa au mistari. Hayo ni ya kioo kilichopasuka ndani.

Ikiwaka vizuri, ingia kwanza kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uone ramu, diski na prosesa zinazosomwa ndizo ulizolipia. Kompyuta nyingi za HP zina kipimo cha ndani: bonyeza Esc inapowaka, kisha F2. Za Dell, F12, kisha chagua Diagnostics. Acha kipimo kirefu kiendeshe mpaka mwisho hata kikichukua saa nzima. Kwenye Windows, andika mdsched sehemu ya kutafuta, nacho kitapima ramu.

Kisha diski, ambako majibu ya maswali yako yote mawili yanakutana. Pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo kutoka tovuti yake rasmi. Itakuonyesha kumbukumbu ambazo diski huziandika yenyewe tangu siku ya kwanza. Tazama saa ilizowahi kuwashwa. Diski mpya huwa na saa chache, tuseme zile za majaribio ya dukani. Ukiona 9,000, hiyo imefanya kazi sawa na zaidi ya mwaka mzima bila kuzimwa. Kama ni diski ya kuzunguka, tazama pia mistari ya 05, C5 na C6. Hiyo huhesabu sehemu za diski zilizoharibika au zilizoshindwa kusomeka, na kwenye diski mpya zote ziwe 0. Programu huandika thamani ghafi kwa mfumo wa hesabu wa kompyuta unaochanganya tarakimu na herufi, lakini sifuri ni sifuri kwa mfumo wowote.

Hesabu ya saa hata hivyo si kiapo. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani iligundulika kwamba diski za Seagate zilizokuwa zimetumika maelfu ya saa ziliuzwa na maduka mbalimbali kama mpya, huku hesabu hiyo ikiwa imefutwa. Kampuni yenyewe ilisema haikuziuza hivyo. Kwa hiyo ukiona saa 2 kwenye mashine yenye vumbi kwenye feni, amini vumbi.

SSD haina kinachozunguka, na mtikisiko wa basi hauiumizi. Diski ya kuzunguka ikiwa imezimwa nayo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa vichwa vyake huwa vimeegeshwa pembeni. Watengenezaji wa zile za inchi 3.5 hutaja uvumilivu wa karibu 300 G (kipimo cha nguvu ya pigo) ikiwa imezimwa, na chini ya 100 ikiwa inazunguka. Ila ikishaumia kidogo, huwa haisemi siku hiyo.

Sasa umdai nani. Mimi ni fundi, si wakili, lakini misingi hii kila mnunuzi anapaswa kuijua. Tanzania tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Inasema mnunuzi ambaye hakuikagua bidhaa kabla hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Kwa hiyo saini yako ya stendi ni ya kupokea boksi, haikuondolei haki ya kukataa kilichomo. Lakini sheria hiyohiyo inasema ukikaa na bidhaa muda wa kutosha bila kumwambia muuzaji kwamba unaikataa, unahesabiwa umeikubali. Hapo ndipo ujumbe wako wa leo unapopata thamani. Ndugu zetu wa Kenya wana sheria yao, Sura ya 31, yenye misingi hiyohiyo.

Kuhusu basi, kuna kipengele kinachowashangaza wengi: kwa kawaida muuzaji akishaukabidhi mzigo kwa msafirishaji, anahesabiwa amekukabidhi wewe, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Hata hivyo muuzaji ana wajibu wa kuweka makubaliano ya busara na msafirishaji kulingana na aina ya mzigo, na akishindwa, mnunuzi anaweza kukataa kwamba amekabidhiwa. Kwa hiyo rudi kwenye mazungumzo yenu ya WhatsApp. Alikuandikia "nakuletea hadi Songea"? Hilo ni la kwake. Wewe ndiye uliyemwambia "weka kwenye basi fulani, nauli juu yangu"? Mzigo wa hoja unakuelemea kidogo. Na je, kwenye stakabadhi ya basi aliandika thamani ya mzigo, au aliandika tu "boksi 1"? Stakabadhi nyingi za mizigo zina maandishi madogo nyuma yanayopunguza fidia kama thamani haikutajwa. Soma yako.

Vyovyote iwavyo, anza na muuzaji. Pesa alipokea yeye, na stakabadhi ya kusafirisha ina jina lake kama mtumaji, hivyo yeye ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuwabana wa basi. Watu wa basi wakigoma, huduma za vifurushi ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mabasi chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini; malalamiko yanapelekwa kwa maandishi baada ya kampuni yenyewe kushindwa kukujibu. Na kama umegundua umeuziwa mtumba kwa jina la mpya, hilo halihusiani na basi hata kidogo. Hiyo ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa.

Popote utakapokwenda wataanza kwa kuuliza risiti. Ujumbe wa simu unaonyesha pesa ilikwenda kwa nani, hauonyeshi ulinunua nini. Kama hukupewa risiti ya EFD, idai leo, pamoja na ankara inayotaja modeli na namba ya mfululizo. Risiti iliyoandikwa "computer" peke yake haitakusaidia kuthibitisha ni ipi.

Kuna jambo naweza kulitabiri. Muuzaji atakupigia na kukwambia, "Dada, nakurudishia elfu thelathini, wewe chukua tu." Kama vipimo vyote vimetoka safi na tatizo ni katoni tu, pokea, mradi aandike kwamba waranti inabaki kamili na ameziona picha za boksi. Kama bati limejikunja, namba hazifanani, au mistari ile ya diski si 0, usipokee hata akipandisha. Ukishapokea punguzo kwa kasoro unayoijua, itakuwa vigumu sana kuidai tena mwezi ujao. Omba nyingine, au pesa yako yote. Na ukiikataa, kisheria si lazima wewe ugharimie kuirudisha Dar, kama hamkukubaliana hivyo. Inatosha kumjulisha kwamba umeikataa, na uitunze vizuri mpaka aichukue.

Boksi na povu usivitupe, wala usiruhusu watoto wavichezee, mpaka muda wa kurudisha na waranti viishe. Ukihitajika kuisafirisha tena, iwekwe kwenye boksi hilo ndani ya boksi kubwa zaidi lililojazwa karatasi au matambara pande zote, kadi ya picha itolewe na kufungwa peke yake, na thamani iandikwe kwenye stakabadhi.

Kama mwishowe umeamua kubaki nayo, kwa mwezi wa kwanza kazi za wateja zihifadhi pia kwenye flashi au diski nyingine, na piga picha ya ukurasa wa CrystalDiskInfo leo. Uufungue tena baada ya wiki mbili za kazi ya kawaida ya dukani. Mstari wa C5 ukiwa umetoka 0 hata kwa moja, hamisha mafaili yote siku hiyohiyo na umtumie muuzaji picha zote mbili, ya leo na ya siku hiyo.